Risala ya Wafanyabiashara wa Teknolojia wa Kanda ya Ziwa kwa Mheshimiwa Waziri Mwenye Dhamana ya Mawasiliano na Teknolojia ya Habari

Mheshimiwa Waziri,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Waheshimiwa Wabunge na Wakuu wa Wilaya,
Wastahiki Mameya na Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Wakurugenzi na Wakuu wa Taasisi za Umma,
Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunayo heshima kubwa kusimama mbele yako, Mheshimiwa Waziri, na kusoma risala hii kwa niaba ya wafanyabiashara wa teknolojia wa mikoa ya Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga. Karibu sana Mwanza. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone; nasi tumekusubiri kwa imani hiyo.

Sisi ni watengenezaji wa programu za simu na kompyuta, mafundi simu wa Makoroboi, mawakala wa huduma za fedha, wafungaji wa kamera na mitandao, wauzaji wa vifaa, walimu wa kompyuta, na vijana wanaowafanyia kazi wateja wa nje ya nchi wakiwa majumbani kwao Nyegezi na Buswelu. Wateja wetu wa hapa nchini ni wachuuzi wa samaki wa mwalo wa Kirumba, vyama vya ushirika vya pamba vya Bariadi na Maswa, wachimbaji wadogo wa Geita, wakulima wa kahawa wa Karagwe, pamoja na shule, zahanati na maduka ya dawa.

Kabla ya kueleza yanayotusibu, tunaishukuru Serikali kwa yale tunayoyaona. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika kwetu. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeanza kuzalisha umeme. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, limewaondolea mafundi wetu foleni ya kivuko wanapokwenda Sengerema na Geita. Serikali imezindua Mkakati wa Taifa wa Uchumi wa Kidijitali wa mwaka 2024 hadi 2034, na tarehe 17 Julai 2025 imezindua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Tumeyasoma maandiko hayo na tumeona kwamba kazi zetu zimetajwa humo kuwa nguzo ya uchumi ujao. Ndiyo maana tunathubutu kusema.

Mheshimiwa Waziri, malalamiko yetu ni mengi, lakini mzizi wake ni mmoja. Taratibu nyingi zinazotuongoza ziliandikwa kwa ajili ya biashara yenye duka, rafu na ghala, na kwa ajili ya mfanyabiashara anayeishi karibu na makao makuu ya taasisi. Kazi yetu haishikiki kwa mkono, na sisi tuko mbali. Matokeo yake, benki haioni mali yetu, afisa leseni haoni ofisi yetu, na kamati ya zabuni haioni uzoefu wetu. Hatuombi kupendelewa. Tunaomba kuonekana. Tunaomba sasa tueleze hoja moja baada ya nyingine.

1. Kukatika kwa intaneti

Kwetu intaneti ndiyo barabara, ndiyo stoo, ndiyo kaunta ya duka. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kwa pamoja, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hatukuja hapa kujadili mambo ya usalama. Tumekuja kueleza yaliyomfika mfanyabiashara. Mteja wa nje alituma ujumbe, hakujibiwa, akaamini kuwa ametapeliwa, akaipeleka kazi Nairobi au Kigali. Zahanati inayotunza kumbukumbu zake mtandaoni ilirudi kwenye daftari. Msambazaji anayepokea oda kwa simu hakupata hata oda moja, huku mshahara wa vijana wake ukisubiri mwisho wa mwezi. Hasara hizo hakuna aliyetufidia, nasi tulizibeba kimya kimya.

Lipo pia jambo la kiufundi. Taarifa nyingi za wateja wetu zimehifadhiwa kwenye seva zilizo nje ya nchi. Kwa hiyo mtu wa Ilemela akifungua mfumo wa muuzaji wa Nyamagana, ombi lake husafiri hadi ng'ambo na kurudi. Waya wa baharini ukikatika, majirani wawili wanashindwa kufanya biashara ingawa wanatazamana.

*Tunaomba*: kwanza, Serikali itoe tamko na kuweka utaratibu wa kisheria kwamba intaneti haitazimwa tena nchi nzima. Pili, Mkongo wa Taifa uimarishwe kwa njia mbadala za nchi kavu kupitia Kenya, Uganda na Rwanda, ambazo sisi wa Kanda ya Ziwa tunapakana nazo, ili njia moja ikifa nyingine ibebe mzigo. Tatu, vituo vya ndani vya kubadilishana mawasiliano na vituo vya kuhifadhi data viendelezwe hapa Mwanza, kwa bei ambayo kampuni ndogo inaimudu. Nne, hitilafu inapotokea, tupewe taarifa mapema na kwa ukweli, ili nasi tuwe na neno la kuwaambia wateja wetu.

2. Umeme usiotabirika

Mheshimiwa Waziri, tunajua uzalishaji wa umeme umeongezeka, na tumefurahi. Lakini megawati za bwawa lile la Rufiji hazitusaidii ikiwa transfoma ya mtaa imezidiwa au waya umechakaa. Umeme unakatika kwa saa chache bila taarifa, unarudi kwa kishindo, na kuunguza kompyuta ambayo kijana ameilipia kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Jenereta linakula faida. Betri za kuhifadhia umeme ni ghali kuliko kompyuta yenyewe.

*Tunaomba* ufikishe kilio chetu kwa Waziri mwenzako mwenye dhamana ya nishati, ili matengenezo ya miundombinu ya usambazaji katika miji ya kanda hii yapewe kipaumbele na ratiba ya matengenezo itangazwe mapema. Tunaomba pia betri na vifaa vya kulinda umeme wa ofisi vitazamwe kuwa zana za kazi vinapotozwa ushuru na kodi.

3. Kodi inayotangulia mapato, na sheria zinazobadilika haraka

Sisi si wakwepa kodi. Shule wanakosoma watoto wetu na barabara tunazopita zimejengwa kwa kodi. Tunacholalamikia ni namna na wakati wa kuilipa. Kampuni iliyosajiliwa kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani ikishatoa ankara kwa mteja, inapaswa kuwasilisha asilimia 18 ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, iwe imelipwa au haijalipwa. Mteja akiwa taasisi kubwa, malipo huchukua miezi. Wapo wenzetu waliokopa fedha ili walipe kodi ya pesa ambayo hawajaigusa, kisha wakacheleweshwa na mteja, kisha wakatozwa adhabu na riba. Malipo yanapofika, yanafika yamekatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya jumla ya huduma, bila kutazama kwamba sehemu kubwa ya fedha ile ni mishahara.

Jambo la pili ni mabadiliko ya mara kwa mara. Mfano ulio hai ni tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Miezi miwili baadaye ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na bajeti ya mwaka 2023 ikaiondoa kwenye kutuma fedha kwa simu. Tunaishukuru Serikali kwa kusikia. Lakini ndani ya miaka ile miwili, mawakala wetu walishuhudia wateja wakirudi kwenye fedha taslimu, na watengenezaji wa mifumo ya malipo walilazimika kubadili hesabu zao kila mara, kwa gharama zao wenyewe.

*Tunaomba*: kampuni ndogo za huduma za teknolojia ziruhusiwe kuwasilisha Kodi ya Ongezeko la Thamani baada ya kulipwa, si baada ya kutoa ankara, taasisi za umma zibanwe kulipa wazabuni wadogo ndani ya siku 30, na kodi au tozo yoyote mpya inayohusu huduma za kidijitali isianze kutumika kabla ya wadau wa mikoani kusikilizwa na kupewa muda wa kutosha kujiandaa.

4. Vibali vingi na ofisi zilizo mbali

Kijana anayetaka kuanza kampuni ya programu anasajili jina au kampuni, anachukua namba ya mlipakodi, na anaomba leseni ya biashara halmashauri. Akigusa maudhui ya mtandaoni, ipo leseni nyingine. Akigusa malipo, ipo ya benki kuu. Akikusanya majina na namba za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka ajisajili. Kila hitaji lina sababu yake na hatupingi hata moja. Sheria hiyo ya taarifa binafsi tumeipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa inawalinda wateja wetu. Taabu ni kwamba kila mlango una fomu yake, ada yake na tarehe yake ya kuisha, na hakuna mlango unaojua kilichojazwa kwenye mlango wa jirani.

Katika leseni ya biashara tunatakiwa kuonyesha mkataba wa pango. Mwenzetu anayefanya kazi mezani kwake nyumbani analazimika kupanga fremu asiyoihitaji ili apate karatasi, na fremu ile hubaki imefungwa mwaka mzima huku kodi ya pango ikilipwa. Kadhalika, Oktoba 2023 watumiaji wa VPN walitakiwa kujisajili. Kwa vijana wanaofanya kazi na kampuni za nje, hiyo ndiyo njia salama ya kuingia kwenye mifumo ya mwajiri, na wengi mpaka leo wanafanya kazi halali kwa hofu kwa sababu hawajaelezwa vizuri.

Zipo huduma zinazofanyika mtandaoni, na tunazishukuru. Lakini maombi yakikwama, jibu tunalopewa ni kwamba tufuatilie Dodoma au Dar es Salaam. Nauli ya kwenda, malazi na siku za kazi zinazopotea vinaweza kuzidi ada ya kibali chenyewe.

*Tunaomba* dirisha moja la pamoja kwa biashara za teknolojia, kama ulivyokusudia Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara, ambapo taarifa zinajazwa mara moja na taasisi zote zinazisoma. Tunaomba anwani ya nyumbani au ya ofisi ya pamoja ikubalike kwa leseni ya kazi isiyohitaji duka. Na tunaomba maafisa wa kanda wapewe mamlaka ya kuamua, badala ya kupokea tu na kupeleka mbele.

5. Mitaji na dhamana

Hapa, Mheshimiwa, ndipo panapotuuma zaidi. Yupo mwenzetu aliyetengeneza mfumo wa kutunza kumbukumbu za mizani na malipo ya wakulima kwa vyama vya ushirika vya pamba. Vyama vinautumia, vinamlipa kila msimu, na mikataba anayo. Alipokwenda benki kuomba mkopo wa kununua vifaa ili avifikie vyama vingine vilivyoomba huduma, aliulizwa hati ya nyumba au kiwanja. Hana. Umri wake haujampa nafasi ya kujenga. Mikataba yake iliangaliwa ikarudishwa mezani. Msimu ukapita na vyama vile vikabaki na madaftari.

Jambo hili linatuumiza kwa kuwa sheria yenyewe inaitambua kazi yetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi inayolindwa kama kitabu. Kwa hiyo ni mali. Lakini ni mali isiyo na thamani mbele ya mkopeshaji. Upande wa halmashauri, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Tulifurahi iliporudi. Hata hivyo, waombaji wetu wanaulizwa watanunua mashine gani, watafuga kuku wangapi, wana eneo gani. Wanapojibu kwamba fedha itakwenda kwenye seva, ujira wa watengeneza programu na majaribio, afisa hana safu ya kuyaandika hayo kwenye fomu yake.

*Tunaomba* Wizara yako ikae na Wizara ya Fedha na Benki Kuu ili mikataba ya huduma, kumbukumbu za miamala na hakimiliki zikubalike kuwa dhamana, hata kama itahitajika Serikali kudhamini sehemu ya mkopo. Tunaomba maafisa maendeleo ya jamii wa halmashauri wapewe mafunzo ya kutathmini maandiko ya biashara ya teknolojia, na fomu zao ziwe na nafasi ya biashara yetu.

6. Zabuni za umma

Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote. Tunaupongeza mfumo wa NeST, ambao tangu Oktoba 2023 umetuwezesha kuona zabuni tukiwa Musoma au Bukoba bila kumjua mtu. Lakini tukishaziona, tunaziangalia tu. Masharti yanadai miaka ya uzoefu wa kazi za ukubwa ule ule na mauzo ambayo kampuni changa haiwezi kuwa nayo. Hupati kazi kwa kukosa uzoefu, na hupati uzoefu kwa kukosa kazi. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana, lakini tunachokiona kikitolewa kwa vijana ni usafi, chakula na vifaa vya ofisini, mara chache sana mifumo.

Aidha, taasisi za umma zimejenga mifumo mizuri ya ndani, na wataalamu wa Serikali Mtandao wanastahili sifa. Ila mifumo hiyo imefungwa kwetu. Kijana anayetaka programu yake imwezeshe mwanachama wa ushirika kulipa ada ya Serikali moja kwa moja anapewa safari ndefu ya barua, na mara nyingi hakuna jibu, hata la kumkatalia.

*Tunaomba* zabuni kubwa za mifumo zigawanywe katika sehemu ambazo kampuni ndogo inaweza kuzibeba. Mzabuni mkubwa, hasa wa nje, alazimike kushirikisha kampuni ya mkoani inakotekelezwa kazi. Asilimia 30 ihusishe kazi za teknolojia kwa kutajwa. Na utolewe mwongozo wa wazi wa kuunganisha mifumo binafsi na ya Serikali, wenye muda maalumu wa kujibu maombi.

7. Vijana wanaoondoka

Vyuo vya kanda hii vinahitimisha vijana wa kompyuta kila mwaka. Walio bora wanakaa kidogo, kisha wanakwenda Dar es Salaam, Nairobi au Kigali, ambako kuna maabara, washauri na wawekezaji. Hatuwalaumu. Tunaobaki tunafundishana wenyewe, jioni, kwa kompyuta za kuazimana.

*Tunaomba* kituo cha ubunifu wa teknolojia hapa Mwanza, chenye umeme wa uhakika, intaneti ya kasi na vifaa vya majaribio, kitakachosimamiwa kwa ushirikiano wa taasisi za Serikali, vyuo na wafanyabiashara wenyewe. Halmashauri zina majengo yaliyokaa bila matumizi. Tupewe moja, ukarabati tutachangia.

8. Sheria ya kampuni changa

Tunisia ilitunga sheria ya kampuni changa mwaka 2018, Senegal mwaka 2019, na Nigeria mwaka 2022. Sheria hizo zinaeleza kampuni changa ni ipi, inapewa nafuu gani, kwa muda gani, na inatoka lini kwenye nafuu hiyo. Kwetu, kampuni ya vijana watatu yenye miezi sita inapimwa kwa kipimo kile kile cha kampuni yenye miaka ishirini. Mengi tuliyoyaeleza leo yangepata tiba humo.

*Tunaomba* mchakato wa sera na sheria ya kampuni changa ukamilishwe, na vikao vya kukusanya maoni vifanyike hata huku, wala visiishie Dar es Salaam na Dodoma.

Mheshimiwa Waziri, hatukuja kuomba tu. Nasi tunaahidi. Tutasajili biashara zetu na kulipa kodi halali. Tutapokea wanafunzi wa vyuo kwa mafunzo ya vitendo. Tutaendelea kuwaelimisha wateja kuhusu matapeli wa mtandaoni, maana mwananchi akiibiwa kwa simu leo, kesho hatairudia huduma yetu. Tutatengeneza mifumo kwa Kiswahili, ili mama wa mwaloni na mkulima wa Maswa waisome bila mkalimani. Na tutateua wawakilishi kutoka kila mkoa wa kanda hii, wawe tayari kuitwa na Wizara wakati wowote.

Tunatambua kwamba baadhi ya maombi haya yanahitaji bajeti na mengine yanahitaji Bunge. Lakini yapo yanayohitaji waraka tu: anwani ya nyumbani kwenye leseni, muda wa kujibu maombi ya kuunganisha mifumo, mamlaka ya maafisa wa kanda, na asilimia 30 kutamka teknolojia. Tunakuomba uanze na hayo, na ndani ya miezi mitatu utupatie majibu ya maandishi ya kila hoja, hata pale ambapo jibu ni hapana, ili tujue tupange nini kwa ajili ya mwaka ujao wa biashara.

Tumevumilia kwa muda mrefu kwa sababu tunaipenda kazi yetu na tunapenda kuifanyia nyumbani. Tuna imani na Wizara yako, na tunaamini kuwa mwenye uwezo wa kurekebisha haya ndiye tuliyesimama mbele yake leo.

Mungu ibariki Tanzania, Mungu ibariki Kanda ya Ziwa.

Mheshimiwa Waziri, tunaomba kuwasilisha.

Wafanyabiashara wa Teknolojia wa Kanda ya Ziwa,
Mwanza.